Sura ya Tano: Cheti Kimoja, Masoko Mawili

Kijana aliyesoma ufundi umeme Kibaha na mwenzake aliyesoma fani hiyohiyo Kisarawe watapata vyeti vinavyofanana hadi muhuri. Kazi zinazowasubiri hazifanani. Wa Kibaha huenda akakabidhiwa kofia ngumu, buti na kituo chake kiwandani, chini ya msimamizi wa zamu asiyejua wala kuhitaji kujua yeye ni mtoto wa nani. Wa Kisarawe ataitwa na shangazi wa rafiki yake aende Masaki (Masaki ya mihogo, si ile ya mabalozi kule Dar) akaangalie kwa nini taa za sebuleni hufifia kila friji inapowaka. Kabla hajafungua kisanduku cha swichi atakuwa ameshaulizwa bei, na kabla hajajibu ataambiwa kwamba fundi mwingine anafanya kwa nusu yake.

Nasaha za kazi zinazotolewa katika shule nyingi hazigusi tofauti hii. Anakuja mgeni rasmi, mara nyingi siku ya mahafali, anawaambia vijana wajiamini, wasichague kazi, wajiajiri. Wanapiga makofi, wanakula pilau, wanarudi nyumbani bila kujua mlango upi wa kubisha. Nasaha yenye maana huanza kwa mambo ya chini zaidi: ni nani anaajiri hapa tulipo, anamtaka mtu wa namna gani, anamlipaje, na kuanzia umri gani anaruhusiwa kumpokea.

Tuanze na Kibaha. Mji huu, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, uko kilomita zipatazo 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro. Ukiipita Maili Moja kuelekea Mlandizi, viwanda na maghala vinafuatana pande zote mbili, na ndani zaidi kuna maeneo kama Zegereni na TAMCO. Mbele ya Mlandizi kuna Kwala, palipojengwa bandari kavu iliyounganishwa na reli, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Julai 2025, na kando yake panakua eneo la viwanda. Kazi za huko ni za mota na mikanda, vyuma na kulehemu, mashine za kuinua makontena, stoo, mizani, na ukaguzi wa ubora. Ni kazi za saa maalumu na zamu, na nyingi hufanywa kwa vikundi ambamo kosa la mmoja husimamisha mashine ya wote.

Kisarawe iko jirani. Upande wa Kiluvya wilaya hizi mbili karibu zinashikana mikono. Lakini ukipanda vilima vya Pugu, ukaupita msitu na machimbo ya zamani ya udongo mweupe wa kaolini, unaingia katika uchumi mwingine. Ni wilaya pana ya mihogo, korosho, miembe na michungwa, ya vijiji vilivyotawanyika mpaka Maneromango, Mzenga na Vikumburu, na reli ya TAZARA ikikatiza katikati. Viwanda vipo, ila si vingi wala havijajipanga barabarani kama vya jirani. Kinachokua kwa kasi ni nyumba. Dar es Salaam imejaa na sasa inamwagikia huku: viwanja vinapimwa, misingi inachimbwa, na kila msingi unahitaji mwashi, fundi bomba, fundi umeme, wa mageti, wa aluminiamu na wa jipsamu.

Chukua mfano wa maji. Mji wa Kisarawe uliteseka kwa shida ya maji miaka mingi, ukiwa umekaa juu ya kilima huku mabomba ya Ruvu yakipita mbali kuelekea Dar. Mwezi Juni 2020 Rais John Magufuli alizindua mradi wa kupandisha maji kutoka Kibamba hadi Kisarawe. Magazeti yaliandika habari ya maji, na ndivyo ilivyokuwa. Kwa mwalimu wa nasaha ile ilikuwa pia habari ya ajira: maji ya bomba yakifika mahali, watu wanataka masinki, vyoo vya ndani, matangi ya juu, mita, na mtu wa kuziba panapovuja. Mradi wowote mkubwa unapotangazwa, swali la kuulizwa darasani ni hili: ukishakamilika, nani ataitwa kuutengeneza ukiharibika?

Fundi wa Kisarawe, kwa hiyo, ni mfanyabiashara hata kama hajawahi kujiita hivyo. Anapaswa kujua bei ya waya kwa mita kabla hajafika kwa mteja, kutenganisha hela ya vifaa na hela ya ufundi, kuandika makadirio kwenye karatasi na kuacha nakala. Anapaswa kujua majira. Pwani korosho zikishauzwa, kuanzia Oktoba hivi mpaka mwanzoni mwa mwaka, ndipo mabati yanapigwa na nyumba zilizosimama kwenye linta zinaendelea. Miezi ya mvua kubwa simu hazilii. Mwanafunzi asiyefundishwa kuyaona majira hayo atakula mtaji wake wote mwezi Desemba, na Aprili atauza mashine yake ya kuchomelea.

Anapaswa pia kujua mpaka wa cheti chake. Hapa vijana wengi wa umeme huanguka. Cheti cha mafunzo ya ufundi stadi kinasema umejifunza. Hakikuruhusu kusimama mwenyewe na kuidhinisha nyumba ya mtu iunganishwe umeme. Leseni za ufungaji umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja, na shirika la umeme, TANESCO, haliunganishi nyumba kabla ufungaji haujathibitishwa na mkandarasi mwenye leseni. Kijana asiyelijua hili huvuta nyaya za nyumba nzima, kisha anamtafuta mwenye leseni agonge muhuri tu, na sehemu nzuri ya malipo inaishia kwa mgonga muhuri. Aliyelijua mapema huanza kwa kufanya kazi chini ya mkandarasi, anahesabu uzoefu wake, naye anaomba leseni. Tofauti ya kipato kati ya vijana hawa wawili baada ya miaka michache ni kubwa, ingawa mikono yao huenda ina ufundi uleule.

Kibaha ina masomo yake, na la kwanza ni la kihistoria. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilikubaliana na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden kuanzisha mradi pale Tumbi, ambao ndio Shirika la Elimu Kibaha la leo. Wazo lake lilikuwa la kuvutia kwa kuwa halikutenga elimu na kazi: sekondari, kituo cha afya na kituo cha mafunzo ya wakulima viliwekwa katika eneo moja. Wanordiki walikabidhi mradi kwa Tanzania Januari 1970. Kituo cha wakulima baadaye kikawa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, katika mfumo ulioanza mwaka 1975 kwa kufuata vyuo vya aina hiyo vya Sweden, na kituo cha afya kikakua hadi kuwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwanafunzi wa Tumbi hahitaji kuhadithiwa muuguzi au fundi wa mashine za hospitali anafanya nini. Wako ng'ambo ya uzio. Ajabu ni kwamba ujirani huo peke yake hautoshi. Kijana anaweza kusoma miaka minne mita chache kutoka karakana ya hospitali asiingie hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyepanga aingie.

Somo la pili ni TAMCO. Miaka ya 1970 kiwanda cha TAMCO kilianza kuunganisha malori ya Scania hapo Kibaha, kwa ushirikiano na Waswidi. Kwa kijana wa wakati ule kupata kazi TAMCO kulikuwa kumaliza safari. Kisha hali ya mashirika ya umma ikazorota na uunganishaji ukafa. Leo eneo hilohilo, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, lina kampuni nyingine, ikiwemo ya GF inayounganisha malori. Jina la lori limebadilika, mwenye kiwanda amebadilika, lakini boli bado inakazwa kwa kipimo, mfumo wa breki bado unafanya kazi kwa upepo, na mchoro wa umeme bado unasomwa kutoka chanya kwenda hasi. Aliyejifunza fani alikuwa na pa kwenda TAMCO ilipofunga, hata kama ni gereji ya Manzese. Aliyejifunza kituo kimoja tu cha kazi, bila kuuliza lori zima linavyofanya kazi, alirudi kijijini. Kwa vijana wanaoota viwanda vya Kwala leo, ningewaambia waingie kwa hamu yote, lakini kila baada ya miezi michache waombe kuhamishiwa kituo kingine.

Ndani ya kiwanda mwajiri anatafuta nini? Ukikaa na wasimamizi wa zamu utasikia malalamiko ambayo hayahusu sana ufundi. Kijana anajua kubadilisha beringi, lakini hajui kuandika mistari mitatu katika daftari la zamu: mashine ilisimama saa ngapi, nini kilionekana, nini kimefanywa, nini kimebaki. Zamu ya usiku ikiingia inaanza upya uchunguzi uleule. Kijana hodari wa kulehemu anavua miwani ya kinga kwa sababu inamtoa jasho. Mwingine anaingiza mkono kwenye mashine iliyozimwa bila kufunga swichi kuu kwa kufuli lake na kuandika jina lake juu yake. Mwenzake hana habari, anaiwasha. Na wapo wanaofika saa mbili na robo kazi inayoanza saa mbili, wakiwa na sababu nzuri kila siku.

Haya yote yanaweza kufundishwa shuleni bila senti ya ziada. Karakana ya shule ikiwa na daftari la zamu linaloandikwa na wanafunzi wenyewe kila kipindi, kwa Kiswahili safi na majina sahihi ya vifaa, kijana atafika kiwandani akiwa ameandika kurasa mia. Spana ikipotea, kipindi kisimame mpaka ipatikane. Mwanafunzi aliyechelewa akabidhiwe kazi na aliyemtangulia kwa maneno na kwa maandishi, kama zamu zinavyokabidhiana. Walimu wengine wataona huu ni usumbufu. Sawa, ni usumbufu. Kiwanda nacho kimejaa usumbufu wa namna hiyohiyo.

Waajiri nao wana deni. Kampuni yenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi wote, na sehemu ya fedha hizo ndiyo inayoendesha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Kiwanda cha Zegereni kinacholalamika kwamba wahitimu hawajaiva tayari kimelipia mafunzo yao. Kwa hiyo mkuu wa shule anapokwenda kuomba wanafunzi wake wapokelewe kwa wiki chache, asiende kama mwomba sadaka. Aende na orodha: wanafunzi wangapi, fani gani, wamefika wapi katika mtaala, na anataka wafanye nini. Meneja aliyezoea barua za "tunaomba msaada wenu" atashangaa, na wengine watakubali kwa ule mshangao tu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo sijaliona likijadiliwa vya kutosha, nalo ni umri.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mikondo miwili katika sekondari, wa elimu ya jumla na wa amali. Wanafunzi wa kwanza wa mkondo wa amali walianza kidato cha kwanza Januari 2024, hivyo watamaliza kidato cha nne mwishoni mwa 2027. Tumewahi kujaribu kitu cha jamaa hiki: baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 zilikuja sekondari za michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Safari hii mwanafunzi anatoka na matokeo ya kidato cha nne pamoja na cheti cha ujuzi. Ni hatua kubwa. Lakini wengi wao watakuwa na miaka 16 au 17.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, kiwandani, melini au mahali pengine penye kazi za hatari. Hata hivyo, inaruhusu kazi ya kiwandani ikiwa ni sehemu ya mafunzo yake. Kitambulisho cha taifa nacho hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Leseni ya udereva wa gari, vivyo hivyo. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, hutolewa kwa vikundi vya vijana waliofikisha 18. Kwa hiyo binti wa Maneromango mwenye miaka 17 na cheti cha kulehemu mkononi anakuta milango yote imerudishwa kwa mwaka mzima, na hakuna aliyemwambia.

Mwaka huo ndio wa hatari kuliko yote. Ndipo kijana anapoingia kazini kwa mlango wa nyuma, analipwa kwa siku bila jina kwenye daftari lolote, na akikatwa kidole hakuna fidia. Ndipo wasichana wanapoolewa au kupelekwa Dar kufanya kazi za ndani, na ile miaka minne ya karakana inafutika. Nasaha iliyo makini ingeanza kuupanga mwaka huu mapema, kidato cha tatu. Mmoja anaweza kuendelea na ngazi ya juu ya ufundi stadi. Mwingine anaweza kuingia uanagenzi, ambao kisheria unahesabika mafunzo, mradi uwe na mkataba ulioandikwa na chuo au shule inayomtambua. Wa tatu akae na fundi wa mtaani anayeaminika, afanye kazi nyepesi na salama, ajifunze bei na wateja. Kila mmoja awe na jina la mahali anapokwenda, siyo "nitaangalia".

Kampeni ya Tokomeza Ziro, iliyoanzishwa Kisarawe wakati Jokate Mwegelo akiwa mkuu wa wilaya, iliwakusanya wazazi, wafadhili na walimu kuzunguka lengo moja linaloeleweka: asiwepo mwanafunzi wa kupata sifuri. Ilifanikiwa kuwafanya watu wajali. Nguvu ya namna ileile ingeweza kuelekezwa kwenye swali rahisi linaloulizwa mwaka mmoja baada ya mtihani: wako wapi? Shule ikipiga simu kwa wahitimu wake kila Novemba na kuandika majibu, ndani ya miaka mitatu itajua fani ipi inalisha watu Kisarawe na ipi inazalisha vyeti vya kutundika ukutani. Kibaha majibu yatakuwa tofauti, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kuna suala la karatasi, nalitaja kwa haraka ingawa limewanyima kazi watu wengi. Majina. Katika ukanda wetu mtoto huitwa kwa jina lake, la baba na la babu, na kila karani huandika anavyosikia. Saidi kwenye cheti cha kuzaliwa, Said kwenye cheti cha shule, na Seif kwenye fomu ya kitambulisho kwa kuwa siku hiyo alitumia jina la babu. Ofisi ya mwajiri ikiona hivyo inarudisha faili. Kusahihisha kwa hati ya kiapo kunachukua muda na hela, na hela hiyo huwa haipo wiki ile nafasi inapotangazwa. Kidato cha kwanza ndicho cha kulinganisha majina.

Na wanaoombwa "hela ya fomu" au "ya chai" ili wapewe kibarua kiwandani wajue wanaibiwa.

Mzazi huwa na swali lake, na walimu wengi hulikwepa wakiliona la tamaa: atalipwa shilingi ngapi? Ni swali halali na linajibika. Mwalimu achore safu mbili ubaoni. Ya kwanza ni ya kiwanda cha Kibaha: tuseme mshahara ni 250,000 kwa mwezi. Mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) anakatwa asilimia 10, yaani 25,000, na mwajiri anaongeza ya kwake. Kodi ya mshahara hakatwi kwa kuwa hajafika 270,000. Mkononi 225,000, kisha toa chumba, nauli na chakula. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Za ziada zinalipwa zaidi. Miezi sita ya kwanza kinga yake dhidi ya kuachishwa ni ndogo, ndiyo maana asikope pikipiki mwezi wa pili. Safu ya pili ni ya fundi wa Kisarawe: tuseme nyumba mbili kwa mwezi wa korosho, ufundi 180,000 kila moja, na mwezi wa masika nyumba hakuna kabisa. Toa nauli za kwenda kununua vifaa Kariakoo, toa siku mbili alizorudi kurekebisha bure, toa mteja aliyeahidi "mwisho wa mwezi". NSSF hakuna asipojiandikisha mwenyewe kwa hiari.

Mama wa Masaki akizitazama safu hizo mbili huenda akasema mwanawe aende kiwandani. Baba wa Mlandizi, aliyeona majirani wakipunguzwa kazi, huenda akasema wake arudi kijijini akajenge. Wote wawili watakuwa wamefikiri kwa hesabu, na kijana aliyekaa kati yao atakuwa ameisikia hesabu hiyo akiwa bado kidato cha tatu, anaweza kubadili mpango.